Dawa Niliyomtungia Bibi

Natangaza rasmi, mbele ya wanasayansi wa dunia nzima, kwamba likizo hii nilimponya bibi yangu ugonjwa wa kusahau. Alipona kwa muda unaotosha kumenya ndizi moja.

Bibi yumo kwenye majaribio ya dawa. Kila mwezi anachomwa sindano, kisha Daktari anamsomea maneno, wanapiga soga kidogo, halafu anamwambia ayarudie. Sindano huenda ni dawa, huenda ni maji ya chumvi matupu. Hata Daktari hajui, asije akaona nafuu kwa sababu tu anaitamani. Na anaitamani kweli. Ameshazika dawa mbili zilizoshindwa, ya kwanza aliihangaikia tangu mama yangu yuko shule. Aliosoma nao wana hospitali zao. Yeye ana kabati la mafaili na feni inayokoroma.

Mwanzoni mwa likizo Bibi alikumbuka neno moja tu. Njiani kurudi nyumbani akaniambia, "Mjukuu wangu, hawa watanitimua kama kuku asiyetaga."

Sisi watu wa bweni ni mabingwa wa kufaulu tusichokijua. Ukuta wa chumba cha Daktari ni mbao nyembamba, na maneno nilikuwa nimeyasikia yote. Nikayatungia wimbo, tukauimba likizo nzima, Bibi akipiga makofi.

Juzi tukarudi. Nikiwa kwenye benchi la nje, nikamsikia Daktari akisoma: dirisha, sukari, ngazi. Nikaganda. Kumbe huwa anabadilisha.

Soga zilipokwisha, Bibi akakohoa kama mgeni rasmi. "Kengele, mbuzi, kijiko, mvua, kofia."

"Mama, hayo ni ya mwezi uliopita," Daktari alisema taratibu. "Umekaa nayo mwezi mzima?"

"Kwani ulitaka niyasahau?"

Daktari akatoka, miwani mkononi, akitembea kama mtu aliyebeba beseni lililojaa pomoni. "Binti, Bibi ameanza lini kukumbuka hivi?"

Nilitaka kunyamaza. Kisha nikawaza bibi za watu wengine, wakichomwa sindano kwa sababu ya wimbo wangu. Bado najishauri, Bibi akaita kutoka ndani, "Daktari, niweke na kiitikio?"

Daktari akanigeukia. "Kiitikio gani?"

"Cha wimbo," nikasema. "Nilimfundisha mimi. Anaogopa mtamfukuza."

Akakaa kando yangu, miwani akairudisha usoni polepole. Nilingoja kugombezwa, afadhali angenigombeza.

"Hatumfukuzi mtu kwa kusahau," alisema. "Kusahau kwake ndiko tunakopima. Ukikuficha, dawa ikishindwa sitajua. Ikifanya kazi pia sitajua. Na yale maswali ninayokuuliza wewe, ya anavyojimudu nyumbani? Uliniambia jiko anazima mwenyewe."

Nikatazama viatu vyangu.

"Namzimia mimi," nikasema. "Na vifungo vya gauni namfunga mimi. Na jana aliniita kwa jina la mama."