Biskuti Zilizong'atwa na Bibi

Jumamosi baada ya chakula cha mchana, fundi umeme alibadilisha waya wa oveni ya marehemu bibi yake, akafuta masizi, akawasha. Ikawaka. Akarukaruka jikoni, mtu mzima na bisibisi mfukoni, kwa sababu tangu utotoni alikuwa na hamu moja tu: kula biskuti ya bibi ikiwa ya moto, kabla mtu mwingine hajaigusa.

Katika nyumba ile jambo hilo halikuwahi kutokea. Anayeoka haonji. Biskuti huenda kwanza sebuleni, kwa wanaume na wageni, na kinachorudi ndicho wapishi hugawana. Kwa kawaida kilichorudi kilikuwa trei tupu.

Maelekezo bibi aliyadarizi mwenyewe kwa uzi mwekundu kwenye kitambaa cha meza. Shangazi akayasoma kwa sauti: "Unga vikombe viwili, kile kikombe kisicho na mkono. Siagi kadiri ya yai. Koroga mpaka bega lilalamike. Oka mpaka jirani aulize."

Bega la fundi lililalamika upesi. Baadaye kidogo kinyozi wa nyumba ya pili akachungulia dirishani. "Jamani, mnapika nini humo?" Wakazima oveni.

Biskuti zilitoka za rangi ya dhahabu, na kila moja ilikuwa imeng'atwa. Palikuwa pamemegwa tonge dogo pembeni, na katikati ya alama ya meno palibaki ukuta mwembamba wa biskuti.

"Umeonja wewe!" Shangazi akasema.

"Nionje saa ngapi, Shangazi? Si wewe uliyefungua oveni?"

Shangazi akainua moja, akaigeuza kwenye mwanga. "Huu mwanya wa meno ya mama," akasema. "Mama kala!" Akapiga vigelegele mpaka babu akaja na fimbo yake, akavaa miwani na kukagua trei nzima.

"Ndiye," babu akasema. "Kumbe alikuwa anazipenda! Mbona aliniambia ameshiba harufu?"

"Ulimuuliza, babu?" fundi akasema.

"Nimuulize nini? Haya, leteni sebuleni, watu wanangoja."

Habari ikaenea mtaani, na sebule ikajaa. Watu waligombania zile zenye mwanya ulioonekana vizuri. Kinyozi aliifunga yake kwenye leso, akaifungua tena, akaila. Trei ya pili ilitoka imeng'atwa zaidi, na ya tatu ilikuwa nusu nusu. Wageni walisema marehemu hajambo, hamu ya chakula anayo, wakala kilichobaki. Fundi alinyoosha mkono mara mbili, na mara mbili Shangazi akaupiga kofi. "Adabu! Wageni kwanza."

Unga ulibaki wa trei moja. Fundi alichuchumaa mbele ya oveni, na ilipofunguliwa akapiga ukelele. Zote zilikuwa makombo, isipokuwa moja. Ilikuwa katikati ya trei, nzima, kubwa kuliko zote, na mvuke ukiitoka. Hakuna aliyehitaji kuambiwa ni ya nani. Fundi alikuwa na furaha hata machozi yakamlenga.

"Bibi kanikumbuka," akasema.

"Kakukumbuka kweli, mwanangu," Shangazi akasema, naye macho yakiwa yamemlowa. Kisha akachukua ile sahani nzuri ya maua, akaiweka biskuti juu yake. "Lakini nzima kama hii utaila wewe jikoni, na baba yangu yuko hai?"

Akaipeleka. Mlango wa sebule ulikuwa wazi, na fundi akaona kila kitu akiwa amesimama na trei mkononi. Babu alitafuna polepole, watu wote wakimtazama mdomoni, akameza, akapangusa sharubu.

"Si mbaya," akasema. "Ila zilizong'atwa zilikuwa tamu zaidi."

Sebule nzima ikamuunga mkono, na mtu mmoja akauliza kama chai bado ipo.