Betri Chini ya Kitambaa

Miaka tisa Koleo aliliweka moyoni neno moja tu, na kila mwaka alilinoa.

Neno lenyewe lilikuwa hili: "Huyu mzee masikio yake yamekufa." Lilisemwa ndani ya studio ya redio, mbele ya wafanyakazi wote. Aliyelisema alikuwa mfanyabiashara mmoja ambaye wateja wake walimwita Sikio, jina alilolipenda kupita alilopewa na wazazi wake. Aliyesemwa alikuwa mjomba wake Koleo, fundi mitambo wa redio ile kwa miaka ishirini na mmoja.

Kisa kilikuwa mvumo. Kila maikrofoni ilipofunguliwa, nyuma ya sauti ya mtangazaji wasikilizaji walisikia kitu chembamba, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa. Mjomba alisema ni waya. Chini ya zulia, karibu na mguu wa meza, waya wa maikrofoni umechunika koti lake na sasa unadaka kelele za taa za dari. Inueni zulia, akasema. Sikio akasema hapana, umeme wenyewe ndio mchafu, unataka kusafishwa. Akachomeka kwenye soketi ya ukutani kisanduku cheupe chenye kitaa cha kijani, akafumba macho.

"Mnasikia? Kama dirisha limefunguliwa."

Mkurugenzi akasikia. Na Mkurugenzi akishasikia, nani tena hasikii? Ni mjomba peke yake aliyesema hajasikia kitu, na hapo ndipo neno lile lilipotoka. Wengine walicheka. Koleo aliwajua wote waliocheka, maana mjomba aliwataja mmoja mmoja kila alipopandwa na homa. Mwezi haukuisha, mzee akakabidhi funguo za chumba cha mitambo. Zulia halikuinuliwa.

Miaka mitano baadaye redio ilitafuta fundi, akaja binti mwenye koleo kiunoni. Hakuna aliyemuuliza ni mpwa wa nani. Siku ya kwanza alipobaki peke yake studio, aliinua zulia. Waya ulikuwa pale pale, mguu wa meza umeutafuna hadi shaba inaonekana. Dakika kumi na lehemu kidogo zingetosha. Koleo aliutazama sana, kisha akalilaza zulia vilevile lilivyokuwa. Halafu akachukua bisibisi na kufungua kile kisanduku cheupe. Ndani mlikuwa na gundi nyeusi iliyoganda kama lami, na nyaya mbili nyembamba zinazokwenda kwenye kitaa. Basi. Kingine hakuna.

Akanyamaza miaka minne.

Katika miaka hiyo visanduku vilikuwa vitatu ukutani, na nyuki bado yumo chupani. Sikio alikuwa na jibu: uchafu wa umeme wa mtaa huu ni sugu, unataka kisanduku kikubwa, toleo jipya. Mkurugenzi alipoanza kukuna kichwa, Koleo alimwambia kwa adabu, "Mkubwa, kwa nini asije kukionyesha hewani? Wasikilizaji wajisikilizie wenyewe."

"Hilo wazo zuri, binti," Mkurugenzi akasema. "Tatizo lako unaongea kidogo sana."

Jumamosi asubuhi spika mbili ziliwekwa studio, na amplifaya juu ya meza ndogo, meza imefunikwa kitambaa cha bluu hadi chini. Waya wa umeme ulitoka chini ya kitambaa ukaingia ukutani, kila mtu akauona. Mtangazaji wa asubuhi, mama mnene mwenye ulimi mkali ambaye redio nzima ilimwita Shangazi, alifungua maikrofoni. Yeye alikuwapo ile siku ya neno. Hakucheka.

Muziki ukapigwa. Sikio akakunja uso kama aliyeuma limau.

"Wasikilizaji, huu ndio umeme mchafu. Sauti imevaa blanketi." Akachomeka kisanduku kikubwa ukutani. Kitaa kikawaka. Akafumba macho. "Aaah. Sasa mwimbaji ameingia chumbani."

"Mpaka pumzi yake naisikia," Mkurugenzi akasema.

"Mimi nasikia njaa yangu tu," Shangazi akasema.

"Shangazi, masikio hufundishwa," Sikio akamjibu akitabasamu. "Wapo wasiofundishika. Hapa hapa palikuwa na mzee mmoja fundi, alikuwa kiziwi kama jiwe. Ilibidi atolewe."

Koleo alikuwa anaisubiri hiyo. Hakuwa na hakika kama angeisema, ila alimjua mtu wake.

"Chomoa, tulinganishe," akamwambia. Sikio akachomoa: blanketi likarudi. Akachomeka: mwimbaji akaingia. Mara tatu, na mara zote tatu aliapa, na Mkurugenzi akaapa naye. Ndipo Koleo akakiondoa kitambaa.

Chini ya meza palikuwa na betri ya gari. Amplifaya ilikuwa inakula umeme wake pale tangu alfajiri. Waya uliotoka ukutani ulilala sakafuni, kichwa chake cha upande wa pili hakijachomekwa popote.

"Wasikilizaji," Koleo akasema kwenye maikrofoni, taratibu kama anayesoma matangazo ya vifo, "muziki huu unatoka kwenye betri. Umeme wa ukutani haujaugusa. Sijui kisanduku kilikuwa kinasafisha nini."

Mkurugenzi alipitisha kidole shingoni, kata, kata. Shangazi akawa anatafuta kitu muhimu sana ndani ya mkoba wake.

"Dada, tukaongee nje," Sikio akanong'ona.

"Tuongee hapa. Maikrofoni iko wazi."

"Unataka nini?"

"Yule mzee ni mjomba wangu. Anasikiliza. Mwambie."

Jasho lilimshuka Sikio hadi kwenye kola. Alitazama mlango, mlangoni walijazana wafanyakazi, na safari hii walikuwa wanamcheka yeye. "Yule fundi," akasema, sauti imekauka, "alikuwa anasikia vizuri."

"Na kiziwi ni nani?"

"Tafadhali..."

"Ni nani?"

Alisema. Koleo akafunga maikrofoni mwenyewe.

Alifika nyumbani anatembea kama ana springi miguuni. Mjomba alikuwa kwenye kiti chake, redio mapajani.

"Umesikia, mjomba?"

"Nimesikia. Mvumo bado upo."

Koleo akasimama.

"Umemng'oa yeye, waya umeuacha. Uliuona lini?"

"Siku ya kwanza."

"Miaka minne." Mzee akaizima redio. "Kila asubuhi nausikia, nasema labda kweli ni masikio yangu. Na wewe unajua."

"Ningeuziba waya, mjomba, angesema kisanduku chake ndicho kilichoondoa mvumo. Niliuhitaji ule mvumo."

Midomo ya mzee ikatafuna kitu ambacho hakikuwapo, na Koleo, aliyeshinda tangu asubuhi, akajikuta anachungulia vidole vya miguu yake.

"Nipe viatu vyangu," mzee akasema. "Na kile chuma cha lehemu. Changu, si chako."

Simu za wasikilizaji zilikuwa bado zinalia walipofika, na Mkurugenzi hakuwa na uso wa kumzuia mtu mlangoni. Mjomba alipita bila kumsalimu, akaingia studio, akaonyesha zulia kwa fimbo yake.

"Inua."

Koleo akainama.

"Si wewe."

Mkurugenzi alipiga magoti na suti yake, akalikunja zulia, akaishika tochi juu ya waya uliotafunwa. Mzee akaigusisha ncha ya chuma kwenye shaba, na mwanga wa tochi ukayumba.

"Shika vizuri mwanga," akamwambia. "Miaka tisa nimekungoja, na wewe dakika kumi zinakushinda."