Sifa Njema za Silvano

Kanisa zima la East Side, mjini Buffalo, Marekani, lilikuwa limeshaamua: Veridiana akipanda kizimbani, amsifu mdogo wake. Aseme Silvano ni mpole, hanywi, hajawahi kumpandishia mtu sauti. Ndivyo tunavyomtetea mtu wetu, au siyo? Tunamsafisha mpaka ang'ae.

"Mkifanya hivyo mtamzika," wakili wa Silvano alimwambia, mkalimani akitafsiri. "Kwamba alimuua Kwizera, hakuna anayebisha. Lakini sheria ya hapa inamtazama tofauti mtu aliyeua akiwa amevurugika kabisa. Kosa linashuka, anapewa miaka badala ya maisha. Mtu mtulivu mwenye akili timamu hapati nafuu hiyo. Sasa niambie, unajua nini?"

"Sijui chochote," Veridiana akasema. Uongo mtupu!

Alijua tangu Louisville, walipoletwa kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania. Huko Silvano alilala chini ya kitanda miezi mitatu, na siku moja akamkaba jirani aliyegonga mlango kwa nguvu. Veridiana akaomba radhi, akafunga mizigo. Columbus nako akavunja vioo vya gari la msimamizi wake wa ghala, eti kuna askari wamejificha ndani. Mizigo tena. Hospitali? Thubutu! Watu waseme ukoo wao una wazimu, nani angewaoa binti zake? Buffalo aliwaambia wote kwamba mdogo wake ni mkimya tu.

Wakaamini. Ruta, mke wa Kwizera, ndiye aliyewapokea, na kila Jumapili akawapikia ugali na maharage, Silvano akikaa ubavuni kwa Kwizera. Mpaka ile Jumapili ya Februari 2015, Kwizera alipomjia kwa nyuma akampiga kofi la mgongo, utani tu wa wanaume, na kisu cha nyama kilikuwa mezani.

Siku ya ushahidi Ruta alikaa mstari wa mbele. Wakili akauliza Silvano ni mtu wa namna gani.

"Mpole," Veridiana akajibu. "Mpole sana." Akina mama wa kanisa wakaguna kwa kuridhika.

Kisha mlango wa nyuma ukabamizwa. Silvano akashtuka, akainama, akaanza kujisukuma chini ya meza, mtu mzima na suti yake ya kuazima. Askari wakamwinua. Veridiana akawaza: Atafia gerezani, mtoto wa mama yangu, kwa ajili ya aibu yangu mimi!

"Hapana," akasema. "Anaumwa. Anaumwa tangu Louisville, nami nilimficha." Akayamwaga yote, jirani, vioo, kitanda, akilia bila kujifuta.

Siku nne baadaye wale raia kumi na wawili wa kuamua kesi wakarudi: kosa limeshuka. Ni miaka, si maisha. Veridiana akatoka akimshukuru Mungu, akamkuta Ruta amesimama koridoni peke yake.

"Ulijua, dada?"

Veridiana akanyoosha mkono amshike, Ruta akajitoa.

"Miaka miwili namkalisha karibu na mume wangu. Nampakulia kwa mikono yangu, na wewe upo pale pale, unakula, unaniangalia. Ulijua?"

"Nilijua."

"Basi wameshika mmoja," Ruta akasema. "Mlikuwa wawili."