Somo la Daktari Ovelar

Chai baridi ya tereré ilimpalia Zunilda pale uso wa Daktari Ovelar ulipojitokeza kwenye skrini. Zunilda alikuwa mkutubi wa maktaba ya afya jijini Asunción, na kazi yake ilikuwa kuwafundisha kwa mtandao wahudumu wa hospitali za mbali namna ya kutafuta makala za tiba. Siku hiyo ilikuwa zamu ya hospitali ndogo kule Chaco, alikozaliwa. Ndiko mama yake, Ña Deolinda, alikopelekwa akilalamikia mgongo na taya, na Ovelar huyu huyu akamrudisha nyumbani huku akicheka kwamba amezidisha kula chipa, mikate ya jibini. Mama alilala, hakuamka tena.

Ovelar hakumtambua binti.

“Mwalimu, fanya haraka,” alisema. “Sisi huku tuna wagonjwa, hatuna muda wa kuchezea kompyuta.”

“Basi tuanze na wewe, daktari. Tuonyeshe skrini yako.”

Zunilda alikuwa ametayarisha zoezi la kisukari. Akaliacha.

“Mgonjwa wetu ni mama wa makamo. Mgongo unamuuma, taya linamuuma, jasho linamtoka, anatapika. Andika hizo dalili, utafute.”

Ovelar akaandika kwa kidole kimoja. Makala ikafunguka.

“Soma kwa sauti, wenzako wasikie.”

Akasoma: kwa wanawake, shambulio la moyo huweza kuja hivyo hivyo, bila maumivu makali ya kifua, mgonjwa apimwe moyo mara moja. Sauti ilianza kufifia.

“Rudia hapo mwisho, hatukusikia.”

Akarudia. Kisha akauliza, “Kisa hiki umekitoa wapi?”

“Hapo hapo kwenu. Alikuwa mama yangu. Ulimwambia apunguze chipa.”

Wauguzi wakainamisha vichwa. Mmoja wao, Eulalia, akasema taratibu, “Ña Deolinda. Namkumbuka.”

Picha ya Ovelar ikazimika.

“Washa kamera, daktari,” Zunilda alisema. “Anayejificha namhesabu hayupo, na cheti hapati.”

Ikawaka. Macho yalikuwa mekundu. Zunilda aliyaona, wala hakumhurumia. Alimfundisha kuihifadhi makala ile, kisha akamtaka aitume kwa kila mwenzake, kwa jina lake mwenyewe.

Kipindi kilipokwisha Zunilda alisikia raha. Alidhani ingemtosha. Haikumtosha. Wiki iliyofuata Ovelar aliwahi kuliko wote, akaketi, kalamu mkononi, na Zunilda akamwita yeye kwanza.