Pumzi za Kamanda

Kamanda alifungua mdomo, ikatoka sauti ya mwanamke mwingine.

Nilidhani masikio yangu ndiyo yenye kasoro. Nikamgeukia kaka yangu, naye alikuwa amekunja uso kama mtu aliyetafuna kokoto. Mbele yetu, kwenye pazia kubwa la sinema, Kamanda alikuwa yuleyule wa utotoni mwetu: nywele fupi, koti la bluu lenye kola iliyosimama, kovu juu ya nyusi. Meli yake ya anga ilikuwa imekufa injini katikati ya giza na watu wake walikuwa wanataka kuuana. Akawaambia watulie. Aliwaambia kwa sauti tamu, nyembamba, ya kumbembeleza mtoto anywe dawa.

"Huyu nani?" kaka alininong'oneza.

"Mimi nitajuaje?"

"Si wameandika jina la mama pale mlangoni?"

Waliandika, tena kwa herufi kubwa kuliko za wengine wote. Ndilo lililotuleta.

Kamanda alikuwa mama yetu. Sisemi uso, uso ulikuwa wa mwigizaji wa mbali ambaye hatukuwahi kujua anaishi wapi. Nasema maneno. Filamu zile zilipofika kwetu zilitiwa Kiswahili ndani ya chumba kilichotundikwa magodoro ukutani, na humo mama alisimama pekupeku mbele ya maikrofoni, akawagombeza maadui wa kila sayari kwa niaba ya yule mwigizaji. Mtaani hakuna aliyekumbuka jina lake halisi. Akiingia dukani, wanaume wazima walipiga saluti. "Mguu pande!" aliwajibu, kisha akanunua sabuni yake.

Filamu ya mwisho hakutupeleka. "Ile mbaya," alisema, na kwetu mama akishasema, mjadala umekwisha. Kanda za zile za mwanzo zilifutwa zikarekodiwa mechi za mpira. Hakuna aliyejali, nasi tulikuwa watoto. Baadaye mama akafariki, na ndipo tulipogundua kwamba hatuna sauti yake popote. Enzi zile nani alimrekodi mama yake akipika?

Kwa hiyo liliposikika tangazo kwamba filamu ya mwisho imepatikana, imesafishwa, na itaonyeshwa Jumamosi mchana, nililia juu ya cherehani mpaka mteja akadhani nimemchania gauni. Nilikuwa nimeanza kuisahau sauti ya mama. Jambo hilo nilikuwa sijamwambia mtu, hata kaka. Nilikuwa nakumbuka alichosema, lakini nikijaribu kukisikia, kilikuwa kinatoka kwa sauti yangu mwenyewe.

Na sasa kisauti hiki kitamu kama kinanda ndicho kilichokuwa kinamsemea Kamanda. Niliinuka nikakanyaga miguu ya watu mpaka nje.

Kwenye ukumbi wa nje alikuwa amekaa mgeni rasmi, mzee aliyekuwa msimamizi wa sauti za Kiswahili katika filamu zote. Suti ya kijivu, ua kifuani, soda mkononi. Vijana walikuwa wanapokezana kupiga picha naye. Miaka imepita tangu siku ile na bado nikikumbuka lile ua nashikwa na hasira.

"Shikamoo," nilisema, maana nimelelewa.

"Marahaba, mwanangu."

"Sauti ya mama yangu iko wapi?"

Hakuuliza mama yupi. Alinitazama, akaweka soda chini.

"Mama yako alikuwa mkaidi," alisema. "Mwishoni pale Kamanda anapiga magoti mbele ya mfalme. Imeandikwa, 'Nakuomba, utupishe.' Yeye kila akisema inatoka 'Tupishe!' Basi. Tumerudia asubuhi nzima. Nikamwambia, lainisha, mama, watu wamechoka kugombezwa na mwanamke. Akavaa viatu, akaondoka."

"Mkamfuta filamu nzima kwa neno moja."

"Hatukumfuta yote. Tulirudia maneno tu, na binti mwingine. Pumzi ni zake."

Sikumwelewa, akanieleza, tena kwa fahari. Kazi yao ilikuwa hivi: siku ya kwanza ya kila filamu, kabla makoo hayajachoka, walirekodi pumzi peke yake kwenye kanda yake. Kuhema, kushtuka, kukohoa moshi wa injini. Maneno yalifuata siku nyingine.

"Binti alisema vizuri, ila kuhema alikuwa hajui kabisa," alisema akicheka kidogo. "Mama yako akihema, unasikia meli inazama. Tungezitupaje? Na jina lake tukaliacha, maana ndilo lililokuwa linajaza viti."

Nilitamani kummwagia ile soda kichwani. Jina walilichukua, pumzi wakazichukua, mdomo wake wakautupa, halafu mtu mzima huyu ananisimulia kama mtu aliyenihifadhia kiporo.

"Alijua?" niliuliza.

"Alikuja kuitazama siku ya kwanza ilipoonyeshwa. Alikaa mpaka mwisho." Akaokota soda yake. "Hakunisemesha tena."

Sikumuaga. Nilirudi gizani nikakanyaga miguu ileile.

"Umekosa vita," kaka alisema. "Wamekufa karibu wote."

"Nyamaza. Sikiliza."

Kamanda alikuwa anatembea peke yake katika ukumbi wa barafu, mfalme amekaa mwisho kabisa, na nyuma ya mfalme kuna lango la kurudi nyumbani. Alifika. Akapiga magoti. Kabla hajasema kitu alivuta pumzi kwa pua, ndefu, ikakwama kidogo katikati, ikamalizikia juu.

Kaka yangu, mtu mwenye mvi, alikaa wima. Mimi nilikuwa nimeshakaa. Mama alivuta pumzi hiyohiyo akiwa amesimama mlangoni mwa jikoni, vyombo havijaoshwa na sisi tunajifanya hatujui zamu ya nani, na kilichofuata hakikuwahi kuwa ombi.

"Yuko humu," kaka alisema, na mkono wake ukanishika kwenye kiwiko kwa nguvu ya kuumiza.

Midomo ya Kamanda ilianza kufunguka. Nilijua kinachokuja, nilijua pia nani anakileta, na sikuweza kuvumilia kimpite mama yangu mara ya pili.

"Tupishe!" nilisema.

Nililisema kwa kifua chote, na sauti iliyotoka haikuwa ninayoijua kuwa yangu. Vichwa vya safu zote za mbele viligeuka. Ile sauti tamu ikafuata na "nakuomba" yake, imechelewa. Mfalme alikuwa ameshaanza kuinuka.