Mlango wa Kuku wa Elieza

Tangu shamba la ujamaa lifunguliwe ng'ambo ya bonde, Elieza alikuwa akirudi nyumbani kwake Maruku giza limeshaingia. Zamani isingekuwa taabu. Mkewe, Kemilembe, ndiye aliyekuwa akiwafungia kuku kila jioni, akiwaita kwa Kihaya mpaka wa mwisho aingie. Sasa Kemilembe alikuwa amezikwa kibanjani, kati ya migomba, na kicheche alikuwa ameshawapunguza kuku nusu.

"Shemeji, niachie mimi niwe nawafungia," alisema Jovita, mdogo wa marehemu, aliyeolewa kibanja cha jirani.

"Una watoto wa kuangalia. Nitaona la kufanya."

Ukweli ni kwamba sauti ya Jovita ilifanana mno na ya dada yake. Elieza hakutaka kuisikia ikiita kuku uani kwake.

Jumapili, baada ya ibada, alitoa ubao wa kreti kuukuu, kamba ya mgomba na kipande cha mpira wa baiskeli. Ufito waliolalia kuku bandani aliufunga upande mmoja ukutani, upande wa pili akauning'iniza kwa ule mpira. Kuku wakishapanda, ufito ungelemewa na kushuka, uvute kamba, kamba ichomoe kijiti kilichoshikilia ubao, na ubao uanguke mlangoni pa banda. Aliujaribu kwa mawe mchana kutwa, akiongeza, akipunguza, hata akasahau kula.

Kesho yake alirudi kutoka shambani karibu anakimbia. Ubao ulikuwa umeshuka, umeziba mlango barabara. Ndani kuku walikuwa wakinong'ona usingizini.

"Mlango umejifunga!" alisema kwa sauti, akageukia jikoni.

Jikoni mlikuwa na giza. Alisimama uani, furaha ikimtoka taratibu, asijue pa kuipeleka.

Ndipo aliposikia kitu kikijikunyata miguuni pake. Kuku tembe mmoja mweusi alikuwa amechelewa, wenzake wakamfungia nje.

Elieza alimwinua, akamweka kifuani. Angeweza kuupandisha ubao na kumsukumia ndani. Badala yake aliingia naye jikoni, akawasha koroboi, akamtandikia gunia karibu na mafiga.

"Lala hapa," alimwambia. "Mlango ule bado haujui kuhesabu watu."

Kisha akakaa chini kando yake, akaanza kumenya ndizi.