Mtani Alilala Uwanjani

Ukisikia watu wanasema Brightness Mbwambo ndiye aliyeiua timu ya chuo, wajibu ndiyo, ni yeye, na mkono wake wa kushoto haunyanyuki vizuri mpaka leo kwa sababu hiyo hiyo. Mimi ndiye Brightness, na sibishani nao. Sisi Wapare tunasifika kwa kesi, na mimi nimeacha kesi, sijui kama umewahi kuona maajabu kama hayo.

Nitakueleza ilivyokuwa, ila usinikatize.

Kwanza huo mpira wenyewe. Si huu wetu wa miguu. Ni ule wa huku Toronto, mpira una umbo la yai, mtu anaukumbatia anakimbia nao, na kundi zima linamfuata kama limeona mwizi sokoni. Wanavaa helmeti na makinga ya plastiki mabegani, halafu wanagongana vichwa kwa vichwa, na watu wazima wenye akili zao wanashangilia. Kazi ya Evans, kijana wa jirani zangu, ilikuwa kusimama katikati na kumwangusha yeyote anayekuja na hilo yai. Basi. Chuo kilikuwa kinamlipia ada kwa ajili ya kuangusha watu.

Evans ni mtoto wa Gelasius Mushi na mkewe Asumpta, Wachaga wa Kibosho. Mimi Mpare wa Usangi, kwa hiyo Gelasius ni mtani wangu, na tumetukanana kwa raha zetu tangu tulipokutana kwenye lifti ya jengo letu kule Malvern. Walipohamia, Evans alikuwa na miaka mitano. Wazazi wote wawili walikuwa wanaondoka alfajiri kwenda kazini. Mimi naendesha basi la mji, na wakati huo nilikuwa zamu ya mchana, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa namfunga zipu ya koti na kusimama naye kwenye theluji kusubiri basi la shule. Alikuwa anaongea Kiswahili kama redio, hachoki. Alipoanza kuzoea shule, kikaisha. Akawa anasikia kila kitu, ila ukimsemesha anakujibu Kiingereza. Jambo hilo lilimchoma Gelasius kuliko baridi. Alikuwa ananiambia, "We Mpare, mimi kila misa naomba kitu kimoja tu, mwanangu anijibu kwa Kiswahili. Hata akinitukana nitashukuru."

Sasa ile Jumamosi. Timu ilikuwa imefungwa miaka na miaka mpaka chuo kikatangaza kwamba wasipoingia mtoano safari hii, wanaifuta kabisa. Mechi ya mwisho ndiyo hiyo, kufa au kupona. Isitoshe, Gelasius alikuwa ameambiwa kuna mabwana wa klabu ya kulipwa wamekaa jukwaa la juu wanamwangalia Evans. Tangu asubuhi alikuwa hali wala hanywi. Mvua ilikuwa ya Oktoba ile ya Toronto, hainyeshi ikaisha, inakutemea mate tu mchana kutwa.

Kipindi cha kwanza kilikuwa cha damu. Wapinzani wetu wa jezi nyekundu walikuwa na mbeba mpira mmoja, jitu shingo imejaa, kila akiushika anakanyaga watu. Evans akamvaa mara ya kwanza, wakadondoka wote. Mara ya pili akamkuta anageuka, akamtia bega chini ya kidevu. Helmeti ikaruka. Jitu likakaa chini linatema damu na kipande cha jino. Uwanja ukalipuka! Gelasius alipanda juu ya kiti anapiga kifua, anawaambia Wazungu wasiomjua, "Mwanangu huyo! Mwanangu!" Nami nikapiga vigelegele, sikatai, mpaka Asumpta akanivuta gauni nikae.

Lile jitu halikusahau. Robo ya tatu, Evans akiwa ameinama kuokota mpira uliodondoka, likaja mbio kutoka pembeni na kumgonga kisogoni kwa helmeti yake. Sikiliza, mimi nimeona ajali za magari kwenye barabara ya Finch. Sauti ilikuwa ile ile. Evans alilala kifudifudi, mkono mmoja umebaki hewani, umekakamaa, vidole vimejikunja.

Halafu akainuka, akatembea taratibu, akaenda kukaa kwenye benchi la jezi nyekundu. Wale wakamwangalia, mmoja akacheka, wengine hawakucheka. Ikabidi mwenzake aende kumshika mkono kama kipofu na kumrudisha upande wake.

Kulikuwa na msichana wa huduma ya kwanza, Mehreen, mwembamba hivi. Akamvua helmeti, akamwangalia macho, akageuka kwa kocha akitikisa kichwa: hapana. Kocha wao anaitwa Doyle, mtu wa futi sita na sauti ya ng'ombe dume. Akamsogeza yule binti kwa kiwiko mpaka akajikwaa kwenye ndoo ya maji. Akamshika Evans mashavu kwa mikono miwili, akamkung'uta, akamrudishia helmeti na kuipiga kofi mara mbili. Refa alikuwa mbali anagombana na mtu mwingine. Evans akaanza kurudi uwanjani, miguu inachora herufi.

Nikamwambia Gelasius, "Mzuie mtoto."

"Yuko fiti. Umemwona ametembea mwenyewe."

"Ametembea kwenda kwa maadui zake, Gelasius! Huna macho?"

"Kaa chini, Brightness. Leo si siku ya utani."

Alikuwa hajawahi kuniita Brightness maisha yake yote. Mimi kwake ni Mpare, au bahili, au mama kesi. Hapo nikajua mwenzangu hayupo, ametekwa na lile jukwaa la juu.

Asumpta akanishika kiganja. Machozi yake yalikuwa yamechanganyika na mvua. Akaninong'oneza, "Dada, mimi nikiingia pale baba yake ataniua, na mtoto hatanisamehe. Wewe ni mtani. Nenda."

Kwetu, kama umezaliwa mjini hujui, mtani akija msibani anaweza kuingia kaburini akalala humo. Watu wamesimama na jeneza, padri ameshika kitabu, na yeye amelala, anasema hamziki mtu hapa mpaka mnilipe niridhike. Hakuna wa kumgusa. Hata mwenye msiba mwenyewe anakaa kimya. Nilimwona shangazi yangu akifanya hivyo kwa Wachaga, nikacheka mpaka nikakohoa. Siku hiyo sikucheka. Niliteremka zile ngazi, nikaruka kamba ya pembeni na gauni langu la kitenge chini ya koti, na mwili wangu huu unaouona, nikakimbia katikati ya uwanja. Timu zilikuwa zimeinamiana tayari kugongana. Nikajitupa chali kwenye tope, miguuni pa Evans.

"Huyu maiti ni wangu!" nikapiga kelele. "Mtani nimelala! Hamziki mtu hapa!"

Filimbi zikalia. Wachezaji wakarudi nyuma kama wameona nyoka. Nani angenielewa pale? Wakaona mwanamke mweusi mnene amerukwa na akili. Wakaja walinzi wawili. Mmoja akanigeuza kifudifudi, akaniwekea goti mgongoni, mwenzake akausokota mkono wangu kwenda juu. Nikasikia bega linalia ko! kama kuni kavu, na maumivu yakanijia mpaka kwenye meno. Nikala tope. Nikang'ang'ania kiatu cha Evans kwa mkono uliobaki, nikasema moyoni, wataukata lakini siachii.

Halafu Gelasius akafika. Nilidhani amekuja kuniokoa, mjinga mimi. Akanishika mguu na kuanza kuniburuta.

"Toka! Toka, mchawi wewe! Unamuua mwanangu! Unaua riziki yake!"

Akanipiga teke la ubavu. Haki ya Mungu, Gelasius Mushi, mtu niliyekula naye Krismasi zote. Akapiga lingine. Doyle naye amekuja anafoka, refa ametupa kitambaa chake cha adhabu chini, uwanja mzima unazomea, mimi navutwa huku na huku kama mbuzi wa matambiko, na bado nimeshika kile kiatu.

Evans akachuchumaa. Alifanya taratibu sana. Akaniangalia kupitia vile vyuma vya helmeti, jicho moja limekuwa jeusi tupu, mboni imefunguka yote. Akaanza kunivuta koti langu pale shingoni, anatafuta zipu.

"Anti," akasema, "baridi. Basi la shule bado halijaja?"

Kwa Kiswahili. Kwa kile kisauti chembamba cha chekechea, kikitoka kwenye mwili wa mwanamume mwenye ndevu.

Gelasius aliachia mguu wangu.

"Evans," akasema. "Baba. Umesemaje?"

"Baba, nimepoteza glavu moja. Usimwambie mama."

Karibu miaka kumi na sita mtu anaomba kila misa kwa ajili ya maneno hayo. Kisha Evans akatapika ndani ya helmeti, akaniangukia, na mwili ukaanza kurukaruka, visigino vinapiga tope. Gelasius ndiye aliyeikata ile kamba ya kidevuni kwa meno, mikono ilikuwa imemkataa. Akapiga yowe. Kocha akafoka kitu, sijui kitu gani, na Mehreen akamsukuma kocha kifuani kwa mikono yote miwili mpaka akakaa chini, na yeye akapiga magoti kumgeuza Evans kwa ubavu.

Gari la wagonjwa lilitubeba wote wawili. Evans walimpasua fuvu jioni ile ile kutoa damu iliyokuwa inakandamiza ubongo. Daktari alisema angegongwa tena, hata kidogo, tungekuwa tunaongea habari nyingine. Mimi walinitia vyuma begani.

Mpira wao waliuendeleza baada ya sisi kuondoka, na timu ya Evans ikafungwa. Adhabu ya mimi kuingia uwanjani iliwasogeza nyuma, mlinzi wao wa kati hayupo, jitu likapita pale pale alipokuwa anasimama. Majira ya machipuko chuo kikaifuta timu. Doyle akafukuzwa. Hapo katikati nilitukanwa mtandaoni na watu nisiowajua, na mtu alikuja kunivunjia vioo vya gari kwenye maegesho ya jengo letu, vyote, hata kile kidogo cha nyuma. Sawa. Vioo vinauzwa.

Kabla hajafukuzwa, Doyle alikuja hospitali na maua. Alikuta Gelasius yupo kwenye korido. Sijawahi kuona ngumi ya namna ile, na sikujua kwamba mhasibu kama yeye anaweza kuipiga. Maua yakatawanyika sakafuni, kocha ameketi ukutani ameshika taya, damu inamchuruzika kwenye tai. Walinzi wakaja. Gelasius akanyoosha mikono wamfunge. Akaniangalia, mimi nimesimama pale na mkono kwenye kitambaa, akasema, "Nusu ya hiyo ngumi ilikuwa yangu mwenyewe, Brightness. Sikuwa na namna ya kujifikia." Nikageuza uso. Ubavu wangu bado ulikuwa wa zambarau.

Kilichotutesa zaidi ni kwamba Evans aliamka na akaendelea kuongea Kiswahili. Kiswahili tu. Akaomba uji. Akauliza bibi yake wa Kibosho, aliyekufa zamani, atakuja lini. Madaktari na wauguzi wakimwuliza jina kwa Kiingereza, anawatumbulia macho. Watu wa parokia wakaja kumwona, wakashika mashavu, "Jamani, Kiswahili kitamu hivi! Mungu ni mwema!" Gelasius alitoka chumbani, nikamkuta ngazini anajigonga kichwa ukutani polepole. Akaniambia, "Nilimwomba Mungu vibaya." Wiki zikapita hivyo, mtoto wa miaka ishirini na moja anamwomba baba yake amfunge kamba za viatu.

Siku moja mchana nikaingia. Asumpta anasali, Gelasius amekaa kwenye kiti, amekonda, ndevu hazijanyolewa. Nikaona nisipoutania msiba huu utatumaliza. Nikasimama mlangoni, nikapaza sauti.

"Hodi! Nimekuja kudai! Wachaga nyie mmenivunja bega, mmenivunja ubavu, na hakuna hata aliyeniletea supu! Huyo mzee alivyonuka, mmemzika lini mkamfukua?"

Gelasius hakuinua hata kichwa. Nikamgeukia Evans aliyefumba macho.

"Na wewe kichwa maji! Nimelala kwenye tope kwa ajili yako, kitenge changu hakijatakata mpaka leo. Amka unilipe!"

Evans akakunja uso. Akafungua jicho moja, lile zima. Akasema, kwa Kiingereza, kile cha vijana wa mitaa yetu ya Scarborough cha kuburuza maneno, kwamba mimi nina kelele, kwamba kichwa kinamuuma, na kwamba niende zangu nikaendeshe basi.

Asumpta aliangusha rozari. Gelasius akainuka, akakishika kitanda kwa mikono miwili.

"Rudia," akasema. "Baba, rudia ulichosema."

Evans akarudia, tena kwa hasira. Akaongeza, kwa Kiingereza hicho hicho, kwamba baba yake anahitaji kuoga.

Gelasius akapiga magoti pale pale, akalia kwa sauti, kamasi zinamtoka, mpaka muuguzi akaja mbio. Akanishika upindo wa gauni, hakuachia.

"We Mpare," akasema. "We Mpare, umesikia? Ananijibu Kiingereza!"